His Girl Friday kwa kikundi: DVD ya bei nafuu, Blu-ray au faili la bure?

Ukuta_Mweupe: Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunaonyesha filamu ya His Girl Friday ya 1940. Nimeona DVD ya bei nafuu, Blu-ray ya kampuni ya Criterion ambayo bei yake imechangamka, na faili la kushusha bure. Nichukue ipi?

Giza_la_Ukumbi: Mkuu, hujatupa cha kushika. Deki yako ni ya DVD tu au inasoma Blu-ray? Mwanga wa projekta ni lumeni ngapi? Mnaonyeshea ndani au uwanjani? Na watazamaji wanafuata Kiingereza cha haraka? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Ukuta_Mweupe: Samahani. Deki ya Blu-ray iliyonunuliwa Dar, projekta lumeni 3000, ukumbi una mapazia. Watu 40 hivi, nusu yao Kiingereza kinawapa shida.

Reli_35: Blu-ray, bila kusita. Ila angalia kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa: toleo la Marekani la 2017 ni kanda A, na Afrika tuko kanda B. Deki ambayo haijafunguliwa isome kanda zote itaikataa, kwa hiyo tafuta la soko la Uingereza. Ndani mna pia The Front Page ya 1931 ya Lewis Milestone, inayotokana na tamthilia ileile ya Ben Hecht na Charles MacArthur ya 1928. Pesa moja, filamu mbili.

Giza_la_Ukumbi: Naunga mkono, na DVD ya bei nafuu iogope. Hakimiliki ya filamu hii Marekani haikuhuishwa miaka 28 ilipoisha, basi yeyote mwenye nakala akawa anachapa diski. Kuna moja iliyouzwa na duka fulani la mtandaoni, jalada lake linapendeza kweli. Ukiiweka, picha ni nakala ya nakala: suti nyeusi za waandishi zimegeuka doa moja, karatasi mezani zimeungua kwa weupe, vichwa vimekatwa juu. Hayo mtu anaweza kuvumilia. Kilichoharibu kila kitu ni sauti. Aliyeitengeneza alitaka kuondoa mchakacho wa filamu kuukuu, akakata sauti zote za juu, na humo ndimo zilimo s, t na k. Cary Grant na Rosalind Russell wanasema kwa pamoja, simu tatu zinalia, na usichokisikia ni konsonanti. Filamu nyingine ingesalimika. Hii ni mazungumzo tu tangu mwanzo hadi mwisho, dakika 92.

Mkato_Safi: Faili la bure nalo si moja, yako mengi. Pima urefu kwanza. Likiwa dakika 88, limetoka kwenye nakala ya fremu 25 kwa sekunde, na sauti imepanda kidogo. Ukichukua maandishi ya chini ya nakala hiyo ukayaweka kwenye ya fremu 24, kufika dakika ya 60 yatakuwa yametangulia kwa dakika mbili na sekunde 24. Dawa: fungua programu ya Subtitle Edit, badilisha fremu 25 kwenda 24. Ukisogeza mwanzo peke yake, yataachana tena mbele.

Bara_na_Pwani: Maandishi ya nini? Wekeni mtu wa kutafsiri kwa kipaza sauti, mtindo wa Lufufu au DJ Afro. Watu watafurahi.

Mkato_Safi: Ndugu yangu, huo ni ufundi mkubwa, lakini unahitaji nafasi kati ya mtu na mtu. Hapa mazungumzo yanakadiriwa kufika maneno 240 kwa dakika, yaani manne kila sekunde. Mtafsiri atakuwa kwenye mzaha wa kwanza, waigizaji wameshafika wa tatu.

Bara_na_Pwani: Na maandishi yatawahi?

Mkato_Safi: Yakifupishwa. Mistari miwili, herufi 42 kila mmoja, isizidi herufi 17 kwa sekunde. Mwongozaji Howard Hawks mwenyewe alieleza kwamba sentensi ziliandikwa mwanzo na mwisho wake usiwe na uzito, ili mtu akiingiliwa kisipotee kitu. Kwa hiyo kata ncha zote mbili, tafsiri katikati. Wakisema wawili pamoja, kila mmoja mstari wake wenye kistari mbele.

Reli_35: Mimi ningewapa The Front Page ya 1974 ya Billy Wilder, wanacheza Jack Lemmon na Walter Matthau. Ya rangi, na Hildy, yule mwandishi wa habari anayechezwa na Russell, humo ni mwanamume kama jukwaani.

Giza_la_Ukumbi: Basi hiyo si komedi ya mapenzi tena! Hawks alipomfanya Hildy mwanamke, tena mtalaka wa Walter, mhariri wake anayechezwa na Grant, ndipo kila ugomvi wa kazi ukawa ugomvi wa ndoa. Ukimrudisha mwanamume, umeondoa injini. Na wewe Ukuta, lolote utakalochukua, weka projekta kwenye umbo la picha la 4:3. Ukiivuta ijaze ukuta, nyuso zitapanuka.

Ukuta_Mweupe: Deki imeandikwa B nyuma. Lakini je, Walter anapomtaja Archie Leach, mtafsirije? Ni jina la kuzaliwa la Cary Grant, na hapa hakuna atakayelijua.

Mkato_Safi: Liache. Litaje kabla ya onyesho.

Bara_na_Pwani: Ukilitaja kabla, mzaha umekufa. Na pale Walter anapomfananisha Bruce, mchumba wa Hildy, na Ralph Bellamy, mwigizaji yuleyule anayemcheza Bruce?

Mkato_Safi: Hapo Walter mwenyewe anasema "yule wa sinema", inatosha kuitafsiri. Leach ndiye anayenisumbua.