Nyutrofili 1.1 kwa mtu mzima asiyeumwa: ni Duffy au tumpe rufaa?

MaabaraMasasi
Wakuu, habari za kazi. Mkulima wa korosho, miaka 34, kaja kupima afya tu. FBP (picha kamili ya damu): seli nyeupe 3.1 (×10⁹ kwa lita), nyutrofili (aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria) 36%, yaani 3.1 × 0.36 = 1.1. Mashine imeweka alama ya chini kwa kuwa kiwango chake kinaanzia 1.5. Hemoglobini na platileti ziko sawa, VVU hana, homa hana. Anapuliza salfa kwenye mikorosho. Tabibu anataka aende hospitali ya Ligula akatolewe uboho. Inaweza kuwa jeni ya Duffy (kundi la damu, kama ABO)? Naithibitishaje?

Damu_Lindi
Uboho usubiri, mkuu. Jeni yenyewe ni ACKR1, kromosomu 1. Inatengeneza kipokezi kinachopita utando wa seli mara saba na kunasa kemokaini (protini zinazoita seli nyeupe) kama CXCL8 na CCL2. Kwa Waafrika wengi, nafasi ya -67 kwenye promota (swichi ya jeni) herufi T imegeuka C. Hapo ndipo protini ya GATA-1 hushika ili jeni iwake kwenye seli zinazozaa seli nyekundu. Nakala zote mbili zikiwa na C, seli nyekundu hutoka bila kipokezi, ila kuta za mishipa bado zinacho. Ndiyo sababu malaria ya vivax, ambayo huingia seli nyekundu kupitia kipokezi hicho, huwapata wachache sana huku kwetu. Watu hao hao nyutrofili zao kwenye damu huwa chini, mara nyingi 1.0 hadi 1.5, na hawaugui zaidi ya wengine.

Anza hivi: tafuta FBP zake za zamani, rudia baada ya wiki chache, na usome slaidi kwa macho yako. Uliza dawa zinazoweza kushusha nyutrofili: Septrin, kabimazoli, klozapini. Salfa ya unga ya mikorosho haimo kwenye kundi la Septrin, lakini uliza pia viuatilifu vingine anavyochanganya.

Fundi_Coombs
Kuthibitisha kwa mirija: osha seli zake mara tatu, tengeneza mchanganyiko wa 3–5%. Fya na Fyb ni antijeni mbili za Duffy; anti-Fya na anti-Fyb ni kingamwili za kuzitafuta. Anti-Fya mrija wake, anti-Fyb wake, matone kama kikaratasi cha kitendanishi kinavyoagiza. Nyuzi 37, kwa muda ulioandikwa humo. Osha tena mara tatu au nne, weka sera ya Coombs (kimiminika kinachoshikanisha seli zilizobeba kingamwili), zungusha, soma.

Wengi huharibu kwenye kuosha. Protini ikibaki huimaliza sera ya Coombs, unapata hasi ya uongo, na hapa hasi ndiyo unayoitafuta: mirija yote miwili ikiwa hasi, ni Fy(a-b-), yaani Duffy hasi! Kwa hiyo kila mrija hasi uongezee seli za kudhibiti Coombs (zimeshapakwa kingamwili). Zisiposhikana, rudia kazi yote. Udhibiti chanya uwe seli za Fy(a+b+), zenye Fya na Fyb zote, maana zina antijeni chache na zitafichua kitendanishi dhaifu. Usitumie papaini (kimeng'enya), inakata Fya na Fyb. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu, majibu yake usiyaamini. Huyo apimwe jeni yenyewe kwa PCR, damu ya mrija wa EDTA, si wa heparini.

Damu_Lindi
Naongezea: Fy(a-b-) haizuii mtu kuwa na ugonjwa mwingine. Nyutrofili zikishuka chini ya 0.5, au zikipungua kila kipimo, au hemoglobini na platileti nazo zikaanza kushuka, rufaa bila kuchelewa. Na kwenye kadi yake aandikiwe "Duffy hasi, nyutrofili za kawaida yake 1.1", ili siku akihitaji dawa inayotegemea hesabu hiyo asinyimwe bure.