Naomba ushauri: baba alikata mabati ya asbesto, sasa mama naye anakohoa

Ndugu wanajamii, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Baba yangu ana miaka 71, tunaishi naye Ngamiani, Tanga. Kuanzia 1979 hadi 1996 alikata mabati ya asbesto kwa msumeno wa mkono katika karakana moja, bila barakoa, na jioni alirudi na ovaroli iliyojaa vumbi jeupe, ambayo mama aliikung'uta uani kabla ya kuifua. Sasa baba anahema akipanda ngazi tatu tu za baraza, na tangu Ramadhani mama naye ana kikohozi kikavu kisichokoma. Baba alipimwa kifua kikuu mara mbili bila kuonekana kitu, akapewa dawa za pumu ambazo hazijamsaidia. Nimesoma kwamba madhara ya nyuzi za asbesto huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, na kwamba hata mfuaji wa nguo za kazi huweza kuugua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Naomba kuuliza: tumwombe daktari kipimo gani zaidi ya picha ya kawaida ya kifua, kwa wote wawili? Na je, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, humpokea mtu aliyeacha kazi kabla ya hapo, ilhali karakana yenyewe imeshafungwa?