Vidonda vya mdomoni wakati wa kemo na mionzi: wewe ulitumia nini? Tupeane uzoefu

Mlezi wa Dada
Habari zenu wadau. Dada yangu ana saratani, anaanza mionzi ya shingo wiki ijayo, pamoja na kemo (dawa za kuua saratani). Daktari amemwambia mapema kwamba karibu kila anayepigwa mionzi eneo hilo hupata vidonda mdomoni, kwa hiyo tunataka kujiandaa kabla havijatoka. Naomba waliopitia au waliouguza waseme walichotumia wao wenyewe, hasa vitu vya asili na vya nyumbani, na kama vilisaidia au la.

Naanza mimi. Mama alipotibiwa saratani ya titi, dawa mojawapo ilikuwa 5-FU, ile inayosukumwa kwa sindano kwa dakika chache. Mzunguko wa kwanza vidonda vilimtoka baada ya wiki hivi, ndani ya midomo na chini ya ulimi, hata maji yakawa yanamchoma. Mzunguko uliofuata nesi akamwambia aweke vipande vya barafu mdomoni dakika tano kabla ya sindano, aendelee kuvizungusha hadi nusu saa iishe. Baridi hubana mishipa midogo ya damu mdomoni, dawa ikapita kwa uchache, na kwa kuwa 5-FU haikai sana kwenye damu, nusu saa inatosha. Mama alikuwa anatoka pale ulimi umekufa ganzi, anaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Lakini vidonda vilipungua sana, akawa anakula. Mpaka leo naiamini barafu.

Sauti Imerudi
Pole kwa dada, na hongera kwa kujipanga mapema. Mimi ndiye niliyepigwa mionzi, koo. Wiki mbili za mwanzo nilijiona shujaa. Kuanzia ya tatu mashavu kwa ndani yakawa mekundu, kisha yakachubuka, mate yakawa mazito ya kuvutika.

Kilichonivusha ni maji ya chumvi na baking soda. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha baking soda, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hakikisheni ni baking soda ya jikoni, si baking powder wala magadi. Kila siku nilichanganya mapya, ya jana namwaga. Nasukutua taratibu, natema, simezi. Nilianza kabla sijapata kidonda hata kimoja, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, na hali ilipokuwa mbaya kila baada ya saa mbili tatu. Chupa ilikaa pembeni ya kitanda, maana usiku mdomo hukauka hadi ulimi unaganda kwenye paa la kinywa, na ukiuvuta kwa nguvu unachuna ngozi. Ukiamka, sukutua kwanza ndipo uongee.

Sisemi yalizuia vidonda visitoke. Vilitoka. Ila mdomo ulikuwa safi, ule utelezi mzito ukapungua, na sikupata maambukizi juu ya vidonda. Mswaki tumia laini kuliko wote, ulowekwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Na dada amwone daktari wa meno KABLA ya mionzi kuanza. Jino bovu likisubiri mpaka baada ya mionzi ya taya, kuling'oa kunakuwa kazi ya hatari, mfupa unaweza usipone.

Mjukuu wa Bibi
Mbona mnasahau karafuu? Mzee wetu alisukutua maji ya karafuu na ndimu, maumivu yakatulia. Mshubiri nao unaponya vidonda vya kila aina.

Nesi Zamu ya Usiku
Mjukuu, nakuheshimu, na najua unasema kwa nia njema, lakini ndimu mwacheni mgonjwa wa namna hii. Asidi juu ya ngozi iliyochubuka inazidisha jeraha. Karafuu ni kweli inatia ganzi, ndiyo maana mzee alipata nafuu, ila mafuta yake yanaunguza ukuta wa mdomo ulio dhaifu. Pilipili, vyakula vya moto sana, vyenye ncha kama mkate mkavu, sigara, pombe, na dawa za kusukutua zenye pombe ndani, vyote viwekwe kando. Mshubiri sijaona ushahidi wa kutosha kwamba unazuia vidonda vya mionzi.

Mlezi, habari ya barafu uliyoeleza ni sahihi, lakini wasomaji wasiichukue jumla jumla. Inafaa kwa 5-FU ya kusukumwa kwa muda mfupi, na kwa melfalani, dawa nyingine ya kemo, ya dozi kubwa. 5-FU inayoingia taratibu kwa siku nzima au zaidi, barafu haina maana. Na mgonjwa anayepewa oksaliplatini asipewe kitu cha baridi bila kuuliza. Dawa hiyo huwafanya wengi wapate ganzi na mkazo kooni wakigusa baridi, wanahisi kama pumzi inakata. Kwa mionzi ya dada yako, barafu haitazuia vidonda.

Mlezi wa Dada
Asante sana nesi, hilo la oksaliplatini sikulijua. Na asali je? Kila mtu anatuambia asali.

Nesi Zamu ya Usiku
Asali ndiyo dawa ya asili yenye mashiko zaidi kwa hali ya dada yako. Mwongozo wa mwaka 2020 wa MASCC/ISOO, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa huduma kwa wagonjwa wa saratani na afya ya kinywa chao, unaipendekeza kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, wakiwa na kemo au bila kemo. Katika tafiti mojawapo, wagonjwa walipewa mililita 20 dakika 15 kabla ya mionzi, tena dakika 15 baada yake, na tena saa 6 baadaye. Unaizungusha mdomoni polepole, kisha unaimeza kidogo kidogo ipake koo.

Ila kuna mambo ya kuangalia. Ni sukari, na mdomo usio na mate meno yake huoza haraka, kwa hiyo baada ya muda asukutue kwa maji. Kama ana kisukari, aulize daktari wake kwanza. Kinga ikiwa imeshuka sana, asali mbichi isiyosafishwa isitumike bila ruhusa. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Baba Kijana
Mwanangu ana saratani ya damu, anatumia methotreksati. Nataka kusema jambo moja tu kwa wazazi wenzangu: msimpe mtoto vidonge vya foliki asidi kwa sababu mmesikia vinazuia vidonda. Methotreksati inafanya kazi kwa kuizuia hiyo hiyo foliki. Hospitali wana dawa yao ya kumkinga, wanaitoa kwa saa na kwa kipimo. Hivyo hivyo dawa za mitishamba za kunywa, ulizeni kwanza, nyingine zinagongana na kemo.

La pili, tuliona utando mweupe kwenye ulimi tukadhani ni kidonda kinapona. Ilikuwa fangasi. Maji ya chumvi hayakuitoa, aliandikiwa nistatini ya matone, na ndani ya siku chache akaanza kunywa maziwa tena. Tochi ya simu, kila jioni, mwangalie ndani.

Nesi Zamu ya Usiku
Baba Kijana, umesema vizuri mno. Naongezea: joto likifika 38 wakati wa kemo, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, maana kidonda cha mdomoni ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu. Vivyo hivyo akishindwa kumeza maji, au damu ikitoka isikome.

Sauti Imerudi
Na dada asivumilie maumivu akidhani ndiyo ushujaa. Mimi nilipewa dawa ya maumivu ya kunywa nusu saa kabla ya kula, ndipo nikaweza kushusha mtindi na supu iliyopoa. Bila hiyo ningebaki na maji tu, na uzito ulikuwa unashuka.

Mlezi wa Dada
Nimeandika yote kwenye daftari lake. Swali la mwisho: mionzi ikiisha, vidonda navyo vinaisha?

Sauti Imerudi
Si siku hiyo. Kwangu wiki ya kwanza baada ya kumaliza ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, na hakuna aliyeniambia, nikadhani nimepata ugonjwa mwingine. Vikaanza kufunga baada ya hapo, polepole, wiki kadhaa. Kwa hiyo msitupe chupa ya maji ya chumvi siku ya mionzi ya mwisho. Aendelee kusukutua mpaka aweze kula mkate bila kuulowesha.