Naomba ushauri: fedha za NDIS (mfuko wa taifa wa Australia wa kugharamia msaada kwa watu wenye ulemavu) na kupanga vitu nyumbani

Ndugu wanajamii, naishi Melbourne na mama mdogo, mwenye miaka 58, ambaye tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia hauna nguvu na kumbukumbu imepungua, hata maboksi na nguo zimejaa koridoni kiasi kwamba kiti chake cha magurudumu hakipiti. Mpango wake wa NDIS una fedha za msaada wa shughuli za kila siku. Kampuni tuliyoiita ilileta msafishaji, akapiga deki vizuri tu, akiyazunguka maboksi. Je, fedha hizo zinaweza kumlipa mtu wa kupanga vitu pamoja na mama mwenyewe? Na ikihitajika barua ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapist, anayemsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku), ieleze nini hasa?