Mrejesho: Tulimwona mbunge kuhusu kusafisha damu nyumbani
Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza namna ya kumshawishi mbunge ili wagonjwa wa figo kama mama yangu wapate kusafishia damu nyumbani, mkaniambia niache hotuba, nibebe ombi moja na mgonjwa mmoja.

Kumbe mheshimiwa alidhani dayalisisi, yaani huko kusafisha damu, ni ile mashine ya hospitali tu, mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa kama 4 kila mara. Aliyeokoa jahazi ni mzee mmoja anayejisafishia nyumbani. Alifungua vifungo vya shati (sikumtuma!) akaonyesha mrija: maji ya dawa huingia tumboni, utando wa humo huchuja uchafu, kisha hutolewa. Usiku mashine ndogo hufanya kazi hiyo yeye amelala. Mheshimiwa akauliza kuhusu maambukizi. Mzee hakuficha, yapo, hasa usiponawa mikono sawasawa.

Hapo ndipo nikachomeka ombi: bima ilipie mafunzo ya mgonjwa na msaidizi wake.

Ameahidi kuuliza swali bungeni. Bado. Katibu wake nampigia kila Jumatatu, nadhani ameshanichoka.