Je, yule bibi aliheshimiwa au aliondolewa tu?

Muulizaji, Njombe
Bwana Yesu asifiwe. Jumapili ya mavuno, katika usharika ambao sitautaja, bibi mmoja alikuwa ameketi benchi la mbele, amejifunika blanketi kwa ajili ya baridi, debe lake la viazi likiwa miguuni. Mzee wa kanisa alimwinamia, akamwamkia "kamwene, bibi" kwa upole wote, kisha akamwomba ahamie nyuma ili mgeni aliyekuja na gari apate kuketi. Nilipouliza baada ya ibada, nilijibiwa kwamba Warumi 12:10 inatuagiza kuwatanguliza wenzetu kwa heshima, na kwamba bibi ndiye aliyelitimiza andiko. Je, ndivyo?

Mchangiaji, Tukuyu
Sivyo. Yakobo, katika sura ya pili, anakemea tukio hilohilo: mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule. Kumtanguliza mwenzio ni kutoa nafasi iliyo yako, si kugawa ya mwingine; mzee huyo angeinuka yeye, mgeni akaketi pale, na andiko lingetimia bila kumgusa bibi. Nadhani tunachanganya heshima na adabu. Kwetu Rungwe zamani mke alimkwepa baba mkwe hata njiani, na hiyo ilikuwa adabu kubwa, lakini kumkwepa mtu si lazima kuwe kumthamini.

Mchangiaji, Uyole
Naongeza jambo moja. Neno la Kiyunani linalotafsiriwa "heshima", yaani *timē*, ndilo pia linalotumika kwa bei au thamani ya kitu. Mathayo 27 inalitumia kwa zile fedha za Yuda, "kima cha damu". Ndiyo maana Paulo, akimwandikia Timotheo kuhusu wazee wa kanisa wanaostahili heshima maradufu, anaunganisha mara moja na ujira wa mtenda kazi, na Yesu, katika Marko 7, anawashutumu waliotumia nadhiri ya korbani, yaani kuiweka mali wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao, ingawa bila shaka waliendelea kuwaamkia vizuri. Nasema hivi nikiona haya, kwa maana msimu uliopita nilimpa shikamoo kila asubuhi mzee aliyenipalilia viazi, huku ujira wake nikimzungusha kwa majuma matatu.

Mchangiaji, Iringa
Tusimgeuzie mgeni lawama. Petro anasema tuwaheshimu watu wote, na mwenye gari yumo; wala hatujaambiwa kwamba yeye ndiye aliyedai benchi la mbele.

Muulizaji, Njombe
Ni kweli, hakudai. Tena katika mnada wa sadaka za mavuno yeye ndiye aliyelinunua lile debe la viazi, akauliza ni la nani ili akamshukuru. Mzee wa kanisa alimwonyesha kwa kidole kule nyuma. Jina la bibi hakulijua.