Mpigo wa pili kwenye geti la kibadilishi cha DC chenye transfoma

Muulizaji, Igombe: Ndugu mafundi, kibadilishi changu kinachopandisha volti 12 za betri hadi volti 24 kwa ajili ya taa za dagaa kinanitatiza, kwani kila transista yake (swichi ya kielektroniki) inapozimwa, osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, inaonyesha mpigo mwembamba wa pili wa volti kwenye geti, yaani mguu unaoiwasha na kuizima transista. Unatoka wapi?

Fundi, Kirumba: Kwanza ondoa ule waya mrefu wa ardhi wa proba (kalamu ya kupimia ya osiloskopu), upime karibu kabisa na mguu wa sosi, ambao mkondo hutokea kwenye transista, maana kitanzi chake hunasa kelele za sumaku.

Fundi, Nyakato: Mpigo ukibaki, basi volti ya dreni (mguu ambao mkondo huingilia) inayopanda ghafla inasukuma chaji hadi kwenye geti kupitia kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya ndani ya transista.

Muulizaji: Ahsanteni, wakuu. Kuondoa ule waya wa proba kulipunguza mpigo kwa nusu. Uliosalia umetoweka nilipoweka diodi (hupitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na rezista ya geti, ya omu 22, ili chaji hiyo ipate njia ya haraka ya kutoka getini.